Mkoba wa Dharura kwa Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

Kila mwezi wa Februari unapokaribia ukingoni na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya upande wa mlimani, wasomaji wanaokaa kati ya Tengeru na Kikatiti huniletea swali lile lile: ikiwa maji yatatutoa nyumbani usiku, na ndani mna mtoto ambaye hata kukaa hajajua, tuchukue nini? Zamani swali hili halikuulizwa sana. Walakini tangu alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuvamia mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na tangu Aprili 2024, basi dogo la wanafunzi liliposombwa na maji ya korongo katika kata ya Muriet jijini Arusha, hapana mzazi wa janibu hizi awezaye kusema kwa insafu kwamba mambo hayo ni ya nchi za mbali.

Sisi wa Maji ya Chai tunakaa chini ya Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ambao mito yake hupita nyuma ya nyumba zetu, na ambao aghalabu hunyeshewa mvua kubwa huko juu ilhali huku chini jua linawaka na nguo zimeanikwa. Maji ya mvua ile hatuyaoni yakianguka. Tunayaona yamekwisha fika.

Orodha nyingi za vitu vya dharura zinazopita mikononi mwa watu ziliandikwa kwa ajili ya nyumba yenye gari uani na barabara ya lami mlangoni. Mimi ninamwandikia mama atakayetoka kwa miguu, mtoto mgongoni, chini pana matope na pengine hapana taa, na kwa sababu hiyo orodha yangu ni fupi kuliko zile, na kila kitu nilichokitia ndani yake nimekiuliza kwanza: nani atakubeba?

Shaka ambazo najua mnazo

*"Kufungasha mapema ni kujitabiria shari."* Neno hili nalisikia zaidi kwa wazee, na sithubutu kulicheka. Lakini mama mjamzito wa kwetu, afikapo mwezi wa nane, hufungasha kibegi cha kwenda kujifungulia, akatia khanga, mpira wa kutandika, glavu, pamba na nguo za mtoto, na wala hapana mkwe amwambiaye kwamba anaita mauti. Mkoba ninaousema ni ndugu wa kibegi kile. Waweza hata kuwa ni kibegi kile kile, kwani baada ya uzazi huachwa juu ya kabati bila ya kazi.

*"Sina fedha."* Theluthi mbili za vitu hivi zimo nyumbani mwako sasa hivi. Vilivyobaki nunua kimoja kimoja, wiki hii sabuni na wiki ijayo pakiti za ORS.

*"Serikali na watu wa misaada wataleta."* Wataleta, na huko Hanang walileta, lakini msaada hauji katika saa ile ya kwanza, wala aghalabu hauji na nepi.

*"Sisi tuna gari."* Gari ni neema mpaka darajani. Maji ya kasi yasiyofika gotini huweza kumwangusha mtu mzima, na yafikayo gotini huweza kuliinua gari dogo na kulichukua. Fungasheni kama watembea kwa miguu. Gari likipita, iwe ziada.

Himila na mbebaji

Kabla ya kuchagua vitu, chagua mabega. Keti na watu wa nyumbani mwako, mkubaliane kwa majina nani anambeba mtoto, nani anabeba mkoba, nani anabeba dumu la maji, nani anamshika mkono mtoto mkubwa. Kisha jiulizeni swali ambalo watu hulikwepa: itakuwaje ikiwa baba yuko safarini, mama amekwenda soko la Tengeru au yuko kazini katika mashamba ya maua ya Usa River, na nyumbani yumo dada wa kazi peke yake au bibi mwenye magoti mabovu? Basi mkoba ufungashwe kwa kiasi cha yule aliye dhaifu kuliko wote anayeweza kubaki na mtoto.

Mimi napendekeza uzito usiozidi kilo 6, maji machache ya ndani yakiwemo. Upeleke mkoba kwenye mizani ya dukani, kisha mfunge mtoto mgongoni kwa mbeleko, vaa mkoba kifuani kama wanavyovaa abiria wa daladala wanaoogopa wachomozi, na tembea nao mpaka barabarani na kurudi. Ukirudi unahema, toa kitu. Wengi hutoa nepi na kubakiza sahani, ambapo ilipasa iwe kinyume chake.

Chombo cha kutilia vitu

Begi la shule lililotumika, lenye mikanda miwili mizima, latosha kabisa. Begi la magurudumu ni la uwanja wa ndege, na sanduku la bati ni la arusi. Kwa yule asiye na begi, au mwenye msaidizi wa kubeba, nasifu sana ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana: haipitishi maji, huwekwa kichwani, na mkifika mlikojihifadhi huwa chombo cha kuogeshea mtoto na kiti cha mama anyonyeshaye.

Kuzuia maji kuingia ndani ni jambo linalodharauliwa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile njia ya kufunga kila kitu katika mfuko wa rambo imekwisha, nasi hatuililii. Tumia:

- makopo ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, kwa dawa, kiberiti na karatasi;
- kipande cha nailoni nzito ya mita mbili, ambacho hufunika vitu mkobani na baadaye hutandikwa chini au humfunika mama na mtoto njiani;
- mfuko wa salfeti nje ya begi, kwa mvua ya muda mfupi tu.

Chakula cha mtoto, kwa umri wake

*Asiyetimiza miezi sita na anayenyonya.* Huyu chakula chake chote amekibeba mama yake, na hapana kitu cha kukitafuta dukani. Usimtilie maji, wala uji, wala glukosi. Mama ndiye wa kufungashiwa: biskuti, karanga, siagi ya karanga, tende zikipatikana, na maji ya kunywa. Watu watakwambia kwamba maziwa hukauka kwa hofu. Hofu huweza kuyachelewesha kushuka kwa muda, hilo ni kweli. Dawa yake ni kukaa mahali pa faragha, kumweka mtoto ngozi kwa ngozi na kumnyonyesha mara kwa mara, wala si kumkimbilia yeyote anayegawa maziwa ya unga. Maziwa hayo ya kugawiwa, yakikorogwa kwa maji machafu katika chupa isiyochemshwa, yamewaharisha watoto wengi katika kambi za dunia hii.

*Anayetumia maziwa ya kopo.* Hapa kazi ni kubwa, nami sitaipunguza kwa maneno matamu. Mtoto mchanga hunywa kiasi cha mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana yake mtoto wa kilo 5 anahitaji mililita 750, na kwa siku tatu lita mbili na robo, mbali na maji ya kuoshea vyombo. Tia mkobani:

- kopo moja ambalo halijafunguliwa, lenye tarehe isiyokaribia kuisha, pamoja na kijiko chake cha kipimo;
- kikombe kidogo kisicho na mikunjo, na kijiko cha chai; hata mtoto wa siku chache hunywa kwa kikombe akisaidiwa taratibu, na kikombe huosheka pasipo brashi, ilhali chupa na chuchu yake huficha uchafu;
- chupa ya chai, ambayo hujazwa maji ya moto saa ile ya kutoka ikiwa wasaa upo.

Maziwa hayo hukorogwa kwa maji yaliyochemka na kukaa si zaidi ya nusu saa, yakapozwa baada ya kukorogwa, na yanayobaki humwagwa. Pasipo moto wa kuchemshia, ni heri kopo lisifunguliwe mpaka upatikane.

*Miezi sita mpaka mwaka.* Kunyonya kunaendelea na ndiko kunakotangulia. Unga wa lishe mnaoupenda ni mzuri lakini unataka jiko, nanyi usiku wa kwanza hamtakuwa na jiko. Uchukue kiasi cha vikombe viwili kwa siku za baadaye, na kwa usiku ule tia biskuti laini za kulowekwa katika maziwa ya mama na kikopo cha siagi ya karanga ya kulambisha kidogo kwa yule aliyekwisha kuizoea. Ndizi mbivu chukua mezani unapotoka. Asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja, hata bibi akisisitiza, na karanga nzima usimpe mtoto yeyote asiyejua kutafuna, kwa kuwa njia ya hewa yake ni nyembamba.

*Aliyepita mwaka.* Hula mnachokula. Mwongezee pakiti ndogo za maziwa yanayokaa bila ya barafu.

Maji, na taabu yetu ya pekee

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu ushauri wa vitabu vya nje hautufai sawasawa. Maji ya mito na chemchemi nyingi za upande huu wa mlima yana madini ya floraidi, kwa vile yamepita katika miamba na majivu ya volkano, na katika sehemu nyingine kiasi chake huzidi mara nyingi ile miligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa kuwa ukomo na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya wakubwa wetu, na miguu iliyopinda ya baadhi ya watoto, ni ushahidi ambao hauhitaji maabara. Na si bure kwamba kituo cha utafiti wa kuondoa madini haya kimewekwa hapa hapa Ngurdoto, ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa na kutengenezwa kuwa chujio.

Kosa lililoenea ni kudhani kwamba kuchemsha kunamaliza kila ubaya. Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi hubaki pale pale, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Basi maji ya kukorogea maziwa ya kopo, ambayo mtoto wa miezi minne hana chakula kingine ila hayo, yatafutwe kwa hadhari zaidi kuliko maji ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Mtoto anyonyaye amesitirika kwa sehemu kubwa, maana madini haya hupita kidogo sana katika maziwa ya mama.

Njia tulizonazo, kwa utaratibu wa ubora wake:

- maji ya chupa ambayo kibandiko chake kinaonyesha kiasi cha floraidi; kisome, usitazame picha ya mlima;
- maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi, baada ya kuacha mvua ya kwanza isafishe paa, kisha yakachemshwa; masika yenyewe hutuletea dawa ya taabu yake, nasi huiacha ipite mferejini;
- maji ya bomba la mradi mnaoujua kuwa una maji yenye floraidi kidogo, au yaliyopita katika chujio la mifupa, yakachemshwa.

Mama anyonyeshaye anahitaji kiasi cha lita 3 kwa siku, naye hawezi kubeba lita 9 pamoja na mtoto. Kwa hiyo lita 2 ziingie mkobani katika chupa mbili, si moja, ili ikipasuka moja isipotee yote; na dumu la lita 5 likae karibu na mlango kwa ajili ya mtu wa pili. Tia pia vidonge vya kutibu maji, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwani vingi vimepimwa kwa ndoo ya lita 20 na mtu akitia kimoja katika chupa ya lita moja atapata kinywaji kisichonyweka.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa neno hili, nisije nikawatia khofu isiyo na manufaa. Floraidi hudhuru kwa miezi na miaka. Kuharisha huua kwa saa na siku. Ikiwa mko katika darasa la shule siku ya pili, maji yenu yamekwisha, na mtoto aliyevuka miezi sita ana kiu au anaharisha, basi maji ya mto yaliyochujwa kwa kitambaa na kuchemshwa, au kutiwa dawa, mpeni bila ya kusita, na ORS ikorogeni kwa hayo hayo. Naye wa maziwa ya kopo, hata akiwa wa miezi miwili, akorogewe kwa maji hayo yaliyochemshwa, maana hana kwingine. Asinyimwe maji leo kwa kuyaonea huruma meno ya miaka ijayo.

Joto, nepi na usingizi

Mtu wa pwani akisikia tunazungumza habari za baridi atashangaa, lakini usiku wa mvua chini ya Meru, mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, naye hatetemeki kama sisi ili atujulishe. Chukua:

- mbeleko ya pili, iliyo kavu; ile ya kwanza itakuwa imelowa mtakapofika;
- kofia ya sufu, soksi jozi mbili, nguo mbili za mikono mirefu, na moja iliyo kubwa kwa miezi mitatu zaidi ya umri wake;
- shuka la Kimasai au blanketi jepesi, moja tu;
- khanga mbili, ambazo kazi zake mama yeyote azijua na sina haja ya kuzitaja;
- chandarua kidogo, kwani baada ya mafuriko mbu huzaliana katika kila dimbwi;
- pampasi 12 kwa siku mbili za mwanzo ambazo hakutakuwa na mahali pa kufulia, na nepi 6 za kitambaa kwa siku za baadaye;
- kipande cha sabuni ya mche, mafuta ya mgando, na sodo za mama, hasa ikiwa hajamaliza arobaini.

Asiye na nguo kavu ya kumbadili mtoto na amvue zile mbichi, amweke kifuani ngozi kwa ngozi, afunike wote wawili kwa shuka na nailoni juu yake. Ndivyo wauguzi wafanyavyo kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Dawa na karatasi

Mkoba si duka la dawa. Vinavyotakiwa ni hivi: pakiti nne za ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha (nusu kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, kidonge kizima kwa aliyezidi, kwa siku 10 mpaka 14); panado ya maji ya watoto pamoja na bomba la kupimia; kipimajoto; bandeji, na dawa yoyote ambayo mtoto au mama anaitumia kila siku. Uzito wa mtoto uandike kwenye kopo la dawa kila unapobadilika, kwa sababu kipimo cha panado hufuata uzito, na saa ya fazaa hapana anayeukumbuka. Dawa za antibiotiki zilizobaki za mtoto wa jirani zisiingie humo kamwe.

Mama aliye katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aweke akiba ya wiki mbili, dawa ya maji aliyoandikiwa mtoto, na kadi yake ya CTC, vyote katika kikopo chake mwenyewe kisichofunguliwa na wengine. Akizungumza na muuguzi wake mapema, akiba hiyo itapangwa. Mama huyu anaendelea kunyonyesha na kumeza dawa zake kama alivyoelekezwa. Mafuriko si sababu ya kuacha lolote kati ya hayo mawili.

Kwa karatasi, asili zake na nakala zigawanywe: asili mkobani, nakala kwa ndugu anayekaa mbali na mto.

- Kadi ya kliniki ya mtoto, iliyo muhimu kupita zote, kwani humo mna chanjo na uzito.
- Cheti cha kuzaliwa, na kwa ambaye bado hajamwandikisha mtoto RITA, hii iwe sababu ya kwenda.
- Kitambulisho cha Taifa cha mzazi na kadi ya bima.
- Karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Simu ikizima, wengi wetu hatujui hata namba ya mume.
- Fedha taslimu katika noti ndogo, shilingi 1,000 na 2,000, kwa kuwa mtandao ukikatika fedha za kwenye simu haziliki, na mwenye bodaboda usiku ule hatakuwa na chenji.

Pamoja na hizo tia tochi na betri zake, na simu ya kitochi yenye laini iliyosajiliwa, ambayo chaji yake hukaa siku kadhaa. Tena jambo moja ambalo halina gharama: shona ndani ya nguo za mtoto kitambaa kidogo chenye jina lake, jina la mama na namba ya simu. Kisionekane kwa nje, asije mtu asiyemjua akamwita kwa jina.

Makosa niyaonayo mara kwa mara

Mkoba hufichwa. Watu wakishaufungasha vizuri huuona kuwa ni mali, wakautia uvunguni, ambako maji hufika kwanza, au katika chumba chenye kufuli ambayo ufunguo wake baba huenda nao kazini. Mahali pake ni msumari ulio karibu na mlango ambao mama huutumia kweli, kwa kimo cha bega.

Mkoba huibwa na wenyewe. Jumatatu zimetolewa pampasi mbili, Alhamisi tochi, na mwisho wa mwezi limebaki begi lenye soksi. Kinachotolewa kirudishwe siku ile ile, na watoto wakubwa waambiwe kwamba biskuti zile si zao. Ingawa, kwa kusema kweli, sijaona nyumba ambayo tangazo hilo liliheshimiwa muda mrefu, basi nunua za ziada.

Mtoto hukua na mkoba haukui. Nguo za miezi mitatu hazimwingii wa miezi minane, na aliyekuwa ananyonya tu sasa anataka uji. Dawa ya usahaulifu huu tunayo tayari: kila mwezi mtoto hupelekwa kliniki kupimwa uzito. Jioni ya siku hiyo hiyo fungua mkoba, badilisha maji uliyoyachemsha mwenyewe, tazama tarehe za dawa na maziwa, pima nguo kwa mgongo wa mtoto, na andika uzito mpya kwenye kopo. Kazi hii haimalizi hata muda wa kuchemsha maharagwe.

Saa ya kutoka

Mkoba uliofungashwa vyema haumfai kitu aliyechelewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa daraja, angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Nyumba yenye mtoto mchanga iliyo ukingoni mwa mto isingoje daraja la mwisho. Tahadhari ikitangazwa kwa ukanda wetu, mtoto na mama yake walale kwa ndugu aliye mwinukoni, na wengine wabaki wakilinda ng'ombe. Pasipo redio, tazameni mto wenyewe. Mto ukibadilika ghafla ukawa mzito wa matope na kuchukua magogo, au, jambo linalowadanganya wengi, ukipungua ghafla ilhali mvua inanyesha mlimani, huenda huko juu umezibwa na magogo au udongo, na kizuizi kikivunjika maji yatashuka yote kwa pamoja. Mngurumo kama wa lori lisilopita ni dalili ya kuondoka bila ya kutafuta viatu.

Mkitoka, fuateni haya:

- Pandeni mwinuko wa pembeni, mbali na mto. Msikimbie kwa kuufuata mto chini, wala msivuke korongo, hata lile mnalolivuka kila siku kwenda dukani.
- Anayembeba mtoto atangulie na asirudi kwa sababu yoyote. Wengine wakitaka kurudi kutafuta televisheni, hayo ni yao na nafsi zao.
- Mpigieni mwenyekiti wa kitongoji mkiwa mmekwisha fika salama, ili jina lenu lisiwemo katika orodha ya wanaotafutwa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112.
- Mkifika mlikojihifadhi, badilisheni nguo za mtoto kabla ya kusalimiana na watu, kisha anyonye.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa au akiwa wa baridi na mlegevu, au mtoto wa umri wowote akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa kasi na kifua kuingia ndani, au akipatwa na degedege, hayo si ya kutibiwa kwa mkoba. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na kama njia ni nzima, Hospitali ya Wilaya ya Meru pale Tengeru au Nkoaranga, akiwa ngozi kwa ngozi njia nzima na kadi yake ya kliniki mkononi mwa anayemsindikiza.

Fanyeni jaribio moja kabla ya Machi, jioni, taa zikiwa zimezimwa: dada wa kazi au bibi amchukue mtoto na mkoba, atoke mpaka mahali mlipokubaliana, nawe umtazame bila ya kumsaidia.